Somo wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu aliolewa hapa mji wa Ibra, tulikohamia kutoka Unguja, na somo wa kumfunda akamchagua mdogo wangu. Wivu ulinishika. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani Unguja. Mie nikatolewa nikiwa juzuu ya tatu, nikaolewa, yeye akabaki mpaka akahitimu, akafanyiwa sherehe.

"Bibi, yeye anajua kusoma. Kaniandikia mafunzo yote kwenye simu," mjukuu akanambia.

"Na singo ya kung'arisha mwili, itakusugua hiyo simu?"

Mdogo wangu akacheka. "Dada, singo siijui. Ulipokuwa ukisingwa wewe, mie nipo chuoni."

Nikasaga singo ya liwa, ule mti wa manukato, na mawaridi, nikamsugua bibi harusi mpaka akang'aa. Wageni walipouliza nani somo wake, akamwonyesha yule mdogo wangu.