Mashine Iliyomnasa Nassibu Abdul

Nassibu Abdul alikuwa dereva wa boza la maji katika kampuni moja ya kigeni iliyokuwa ikichoronga miamba huko Geita kutafuta dhahabu. Mitambo ya kuchoronga haiendi bila maji, kwa hiyo toka kunakucha hadi jua linazama alikuwa barabarani, na hapakuwa na shimo asilolijua. Mkewe Zuhra na watoto walikaa Tinde kwa mama yake, Bi Mwahija. Kila alipopata likizo aliwapelekea sukari na sabuni, na mama yake akamlalamikia kuwa amekonda.

Agosti ya 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam, aliisikia habari redioni akiwa na wenzake kambini. Aliinamisha kichwa kama walivyofanya wao. Hakudhani hata kidogo kwamba jambo lile lingemfuata huku porini.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeshika kasi pale Apolonia, ofisa utumishi wa kambi, alipomwita ofisini akafunga mlango.

"Kaka Nassibu, boza usiliwashe leo. Makao makuu wamekusimamisha."

"Nimefanya nini, dada?"

"Hujafanya kitu. Jina lako ndilo limenaswa."

Akamweleza polepole, kwa maana alimwona ameduwaa. Serikali ya huko kwao wenye kampuni ilikuwa na orodha ya watu iliowawekea vikwazo, wakiwemo wanaoshukiwa kulipua mabomu, na kampuni ikimlipa hata mmoja wao imevunja sheria. Sasa walikuwa na programu kwenye kompyuta. Kila mwezi iliyapitisha majina ya wafanyakazi wote na ya wanaoiuzia kampuni vitu, ikiyalinganisha na yale ya kwenye orodha.

"Na mimi nimo?"

"Yumo mtu anaitwa Nasib Abdel. Mashine haiangalii herufi tu, inaangalia na matamshi. Nassibu, Nasib, Naseeb, kwake yote ni mamoja. Wameitengeneza hivyo kwa sababu mtu mbaya hubadili herufi mbili akapita. Huko nje kuna mmoja amekamatwa hivyo hivyo, na kwa macho matupu wasingemjua."

"Basi inasema ni mimi."

"Hapana. Inasema mnafanana, mtu aangalie. Na kinachoangaliwa kwanza ni mwaka wa kuzaliwa." Apolonia akashusha sauti. "Yeye ni wa 1962. Leseni yako nayo inasema 1962."

Nassibu alitaka kucheka. Mwaka ule aliuandika karani wa leseni. Alimwuliza kazaliwa lini, Nassibu akasema hajui, karani akamtazama usoni, akakisia, akaandika.

"Lete kiapo cha mama yako," Apolonia alisema. "Mwaka wa kweli, mahali ulipozaliwa, jina la babu yako. Nitawatumia kwa faksi. Fanya haraka, kaka."

Bi Mwahija alimsikiliza mwanawe huku akikohoa. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu mvua zianze.

"Mwaka siujui, mwanangu. Ninachojua, bendera ya Uhuru ilipopandishwa ulikuwa unatembea. Nilikufunga na kanga yangu kiunoni usinipotee kwenye watu."

Uhuru ulikuwa Desemba 1961, kwa hiyo 1962 haikuwezekana; alizaliwa 1960 hivi. Wakapanda lori la pamba lililokuwa likirudi tupu, wakaenda Shinyanga kwa wakili, mvua ikiwanyeshea njia nzima. Karani wa wakili aliuliza kiapo ni cha nini, na Nassibu, ambaye hakuwa na la kuficha, akasema yote mbele ya watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Kiapo kilipofika kwa Apolonia, Tinde nzima ilikwisha kuambiwa kwamba dereva Nassibu anatafutwa kwa ajili ya mabomu.

Askari wawili wenye nguo za kiraia wakaja kumchukua. Hawakuwa na orodha yoyote, walikuwa na uvumi tu. Aliwaeleza habari ya mashine jinsi Apolonia alivyomweleza, nao wakaandika kwamba mtuhumiwa amekiri jina lake limo.

Alikuwa bado mahabusu Zuhra alipokuja na kikapu cha chakula, macho yamemvimba.

"Baba Abdul, Mama ametutoka. Kifua hakikupoa tangu ile safari."

Nassibu alishika nondo za dirisha. "Mmemzika?"

"Tumemzika."

"Nani walikuja?"

"Shehe. Ndugu zako wawili. Na Limi jirani, yule Msukuma, alisimama nje ya ua akalia mpaka mwisho. Wengine walijifungia ndani. Wanasema watakaoonekana msibani wataandikwa majina."

Jibu la faksi lilikuja baada ya maziko. Apolonia alilileta kituoni mwenyewe, akakaa na mkuu wa kituo hadi akaelewa na kumwachia Nassibu. Mwaka, mahali pa kuzaliwa na jina la babu vilipoingizwa, mfanano ukashuka. Mtu wa makao makuu akaangalia picha akaona hawa si mmoja. Yule mwingine alikuwa mzaliwa wa nchi ambayo Nassibu hajawahi hata kuisikia.

"Wameweka alama kwamba si wewe," Apolonia alimwambia wakitoka nje. "Mwezi ujao mashine ikikuta jina lako itapita. Haitakusumbua tena."

"Na watu wa Tinde, dada, wao nani atawawekea alama?"

Apolonia alimwambia kazi yake bado ipo, akaingia garini.

Nassibu alirudi kwenye boza, maana watoto walitaka kula. Lakini kwanza alipita makaburini. Kaburi lilikuwa limetitia upande mmoja kwa mvua, na hapakuwa na mtu aliyelisawazisha. Aliazima jembe kwa Limi, akalijaza udongo, akasoma dua peke yake. Wakati anarudisha jembe alikutana njiani na wazee wawili wa msikitini kwao. Aliwapa salamu. Mmoja aliitikia chinichini bila kusimama, na mwingine akageuza uso.

Mwezi huo huo akawahamisha Zuhra na watoto, wakaenda kupanga chumba Runzewe, mahali ambapo hakuna aliyewajua.