Herufi Zilizomezwa

Pale hospitali ya macho walimwita Mama Kinanda, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya kibodi. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wagonjwa dirishani. Mgonjwa akitaja jina, yeye anaandika huku anamtazama usoni, skrini hana habari nayo. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, enzi za mashine za kupiga chapa, na ndiyo iliyomsomeshea watoto.

Kisha ikaletwa programu mpya ya kutunza taarifa za wagonjwa. Ndani yake fundi wa kompyuta alikuwa ametega amri inayojiendesha yenyewe: ukibonyeza herufi yoyote, inakwenda kutafuta majina yanayofanana kwenye hifadhidata, hata kabla hujamaliza kuandika. Siku ya kuonyeshwa watu walipiga makofi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Majina yalipojaa humo ndani, herufi zikaanza kupotea.

"Dada, hili silo jina langu," mzee mmoja alimrudishia kadi. "Umelimeza nusu."

Akaomba radhi, akaandika upya. Kesho yake wakarudi wengine. Baadaye daktari akaletewa faili la mtu mwingine, nusura mgonjwa atiwe dawa isiyo yake. Mkuu wa idara akamwita Mama Kinanda ofisini, akafunga mlango.

"Mama, umri nao una mambo yake. Hatulaumiani. Labda tukupime macho, si tupo hapahapa?"

Alisema kwa utani, lakini utani wenyewe ulimchoma. Akapimwa. Macho mazima. Basi ni vidole, akajiambia. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja: anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. Foleni ikatoka nje ya mlango. Watu wakaguna, naye akajifanya hasikii.

Nyumbani alikuwa akifika hana hamu hata ya kusema. Jioni moja mumewe, fundi seremala, alimkuta jikoni ameketi, sufuria inaungua naye anaitazama tu.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Mikono yangu hainisikilizi tena."

Mumewe akaepua sufuria, akaishika ile mikono, akaikandakanda.

Fundi wa kompyuta aliitwa mwishowe, si kwa ajili ya Mama Kinanda, ila kwa ajili ya foleni. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, maana kila ofisi aliyoifanyia kazi ilikuwa ikimpigia simu. Akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Hebu andika kama ulivyokuwa ukiandika zamani, mama."

Akaandika. Jina likatoka limeng'ofolewa. Fundi akamwomba arudie, safari hii yeye fundi akiangalia vidole badala ya skrini. Vidole havikukosea hata mahali pamoja. Akashusha pumzi.

"Si wewe. Kila ukigusa kitufe, amri yangu inatoka mbio kwenda kutafuta. Majina yamekuwa mengi, inachelewa kurudi. Herufi unazobonyeza ikiwa hukohuko hazina wa kuzipokea. Wakati naijaribu niliweka majina ya ndugu zangu tu."

"Na mimi nimeambiwa nimezeeka."

"Pole, mama. Pole sana."

Akaibadilisha amri ile isubiri mpaka kitufe cha Enta kibonyezwe. Chai aliyoletewa haikuwahi hata kupoa. Mkuu wa idara alipita, akaelezwa, akasema, "Basi afadhali," akaendelea na simu yake.

Tangu hapo hakuna herufi iliyopotea. Lakini Mama Kinanda hakuurudia mwendo wake. Aliandika kidogo, akasimama, akahakiki kwenye skrini, ndipo akaendelea. Alijaribu kujikaza, vidole vikagoma.

"Lile tatizo limekwisha?" mumewe alimuuliza.

"La kompyuta limekwisha," akajibu, akavua viatu, akanyoosha miguu.