Mashine Iliyokunywa Kuliko Ilivyosaga

Mimi darasa la pili ndiyo mwisho wangu, lakini mashine ya kwanza ya kusaga pale kijijini Haneti niliifunga mimi. Serikali ilipowaachia watu binafsi biashara na mashirika yake yakaanza kuuza mitambo yao, niliuza ng'ombe nikanunua injini kuukuu ya dizeli. Niliichagua kwa masikio. Ilinguruma ukaisikia ng'ambo ya mlima, ikatoa moshi mweusi kama nyumba inayoungua, nami nikasema hii ndiyo yenye nguvu. Kwetu ndivyo tulivyopima nguvu, hata ya dume la ng'ombe.

Ilinilisha miaka kadhaa. Kisha dizeli ikapanda bei, na mtu mmoja kutoka Kondoa akafunga injini yake ndogo karibu na mnada. Tuliicheka. Ilikohoa kikohozi cha mbuzi, na moshi wake huuoni. Lakini dumu lile lile la dizeli lilimsagia yeye karibu mara mbili ya uwele niliosaga mimi. Kwa hiyo alitoza kidogo, na bado akala.

Bibi mmoja jirani, mteja wangu tangu siku ya kwanza, nikamkuta njiani na debe lake akielekea kule. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza mashine yangu imemkosea nini.

"Mwanangu," akasema, "sisi hatuli mngurumo."

Iliniuma. Nikashusha bei ikawa sawa na ya yule bwana, na hapo ndipo nilipojimaliza. Watu walirudi, foleni ikafika barabarani, nikajiona nimeshinda. Kumbe kila debe lilitoka na kipande cha mtaji wangu. Kadiri nilivyosaga ndivyo nilivyokwisha. Ule moshi niliojivunia ulikuwa dizeli yangu, inapaa haijafanya kazi yoyote.

Siku ya mwisho haikuwa na kishindo. Injini ilizima uwele ukiwa bado mdomoni mwa mashine, pipa la dizeli kavu, na pesa ya pipa jingine hakuna. Wanawake hawakugomba. Aliyekuwa na zamu alichota chenga zake zilizosagika nusu, wengine wakajitwika nafaka zao, wakashika njia ya mnadani. Mke wangu naye alikuwa kwenye foleni na debe letu, maana watoto walikuwa hawajala. Alinitazama kidogo, akajitwika, akawafuata.

Sikumzuia. Ugali niliokula jioni ile ulisagwa na yule bwana, na ulikuwa laini.