Mpira wa kunywa wa Mama Valeria

Saa moja asubuhi. Mama Valeria amepiga magoti kwenye sakafu ya zege, katika yadi moja ya Turffontein, Johannesburg, na ncha ya mpira wa maji iko mdomoni mwake. Anavuta funda, analizungusha mashavuni, anafumba macho. Anameza.

"Hayana harufu hata kidogo!" anapaza sauti, akiruka kana kwamba hana miaka hamsini na tisa. "Ignace, njoo uonje!"

Ignace, mfanyakazi mwenzake kutoka Lubumbashi, anaonja, anaupapasa mpira na kuinua dole gumba. "Hii tiyo iko muzuri, mama. Sharp!"

Yadi hii inakodisha karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa nyuma ya gari. Leo kumi na mbili zinaondoka kwa likizo ya Krismasi. Mwenye yadi, Lerato, ametoa ahadi: mteja wa kwanza akinywa chai bila kulalamikia maji, Mama Valeria ataacha kuosha magurudumu, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja. Atakabidhiwa maji ya karavani zote thelathini na mbili, pamoja na chumba cha kuhifadhia mipira.

Ndiyo maana anairudisha ncha mdomoni, aonje tena.

Mzaliwa huyu wa Morogoro alifika hapa mwaka 1993, akimfuata mumewe, Mwafrika Kusini aliyekuwa ukimbizini Tanzania. Mume ameshafariki. Mipira amejifunza mwenyewe, kwa ulimi.

"Ule wa kijani wa bustani achana nao kabisa," anasema. "Tafuta ulioandikwa kwamba ni wa maji ya kunywa. Ujaze maji, uuache juani mpaka mchana, kisha onja. Mpira mbaya lazima ujiseme!"

Kuutunza nako kuna utaratibu wake. Anaubeba begani, anaupitisha wote hapo hatua kwa hatua mpaka tone la mwisho litoke, anaukausha, kisha anaunganisha ncha zake mbili ili mende wasipate mlango. Ndipo anauviringisha kwa upole na kuutia kwenye mfuko wake, mbali na jua na mbali na mpira wa choo, ule wa kusafishia matangi ya choo cha karavani.

Hapo kwenye choo ndipo mambo yalipoharibika, Pasaka iliyopita. Mama Valeria alikuwa ameandika kwenye kila mfuko wa mpira wa kunywa MPIRA WA USAFI, akimaanisha ule ulio safi.

"Balinituma kusafisha matangi ya choo," anasimulia Ignace, akijishika kichwa. "Nikasoma 'usafi'. Nikasema, voilà, ni hii!"

Mama Valeria aliinusa dawa ya choo kabla karavani haijatoka. Mipira yote saba aliyoitumia Ignace ilitupwa, na Lerato nusura awafukuze wote wawili. Tangu siku hiyo mifuko ina maneno mawili tu: KUNYWA na CHOO.

Saa tatu anafika mteja wa kwanza, bibi mwenye kofia ya manyoya katikati ya joto la Desemba. Lerato anachemsha maji ya tangi la karavani, yaliyojazwa kwa mpira ule, na kumimina chai. Mama Valeria ameshika aproni kwa mikono miwili. Bibi anapuliza, anakunywa. Anakunywa tena.

Kisha anasogeza kikombe. "Niongezee."

Mama Valeria anapiga kigelegele hadi wapita njia wanachungulia getini. Lerato anacheka, anachomoa ufunguo mfukoni. "Eish, Mama! Chukua chumba chako."

"Mlangoni tuandike 'usafi'?" anauliza Ignace. Mama Valeria anamkimbiza yadi nzima kwa mpira wa choo.

Akishatulia, Mama Valeria anakiri jambo moja. Karavani ameziosha magurudumu miaka yote hiyo, lakini hajawahi kulala ndani ya hata moja. Lerato amemwahidi ile ndogo kuliko zote, wikiendi ya kwanza ya Januari. Ataondoka na binti yake wa mwisho, Happyness, ambaye anakielewa Kiswahili lakini humjibu kwa Kizulu.

Mpira wa safari hiyo ameshauchagua. Kwenye mfuko wake, chini ya neno KUNYWA, ameongeza kwa chaki: WA KWANGU.