Risasi ya Bangili ya Mama

Papa alipoikata kwa msumeno bangili ya shaba ya marehemu mama, sikusema naye siku nzima. Bangili ile ilikuwa yangu. Mama alinivisha mwenyewe akiwa kitandani, nami nikaifungia kabatini kwa kuogopa kuipoteza. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Lakini nilijua kilichomsumbua. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa imekaribia, na ndugu za mama walikuwa njiani kwa mtumbwi kutoka Isangi. Kwao, mwanamume aliyefiwa na mke huondoa matanga kwa nyama aliyoiua kwa mkono wake. Ya kununua sokoni ni aibu. Wakwe huila wakanawa, wakaondoka bila kuaga. Miaka yote papa alitengeneza risasi kwa vizito vya nyavu, vya madini laini na mazito, alivyopewa na mashemeji haohao. Wakati huo wa Zaire hata chumvi ilikuwa shida, sembuse risasi.

"Si uombe noko?" nilimwambia. Noko ndiye mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama.

"Mutu wa matanga hawezi omba kitu kwa bashemeji," alijibu, akaendelea kupiga tupa.

Kwenye bangili zilipatikana risasi mbili. Ya kwanza aliijaribu shambani. Kwa mbali iligonga ubao wa mlango wa zamani ikadondoka chini kama kokoto, ikapotea matopeni. Shaba ni nyepesi, papa akanieleza, huchoka njiani. Tena ni ngumu, haibondeki ndani ya nyama. Inataka usogee karibu kabisa. Na papa alikuwa na kikohozi ambacho hata jirani walikisikia! Ndiyo maana nilimfuata msituni, na hasira zangu zote.

Nguruwe pori tulimkuta ng'ambo ya kijito.

"Papa, iko mbali. Songea."

"Nikisongea nitakohoa. Alors, nifanye nini?"

Akapiga. Nguruwe alishtuka tu, akaingia vichakani. Damu ilikuwa matone, hapa tone, kule hakuna. Tulifuata mpaka jua likaanza kushuka, papa akiinama na kukohoa, na mimi moyoni nikimwomba mama, kwa kweli nikimwomba, asimwache mumewe aaibike. Tulimkuta amelala penye maji, amekufa. Papa alikaa chini akalia.

Kesho yake wakwe walifika. Noko ndiye aliyempasua nguruwe, kama ilivyo haki yake, na kisu kikagonga kitu kwenye mbavu. Akakitoa, akakisuuza. Risasi ya madini laini ingekuwa imebondeka. Hii ilikuwa nzima, na pembeni mistari ya urembo ilikuwa bado inaonekana.

"Hii iko ya dada yetu," noko alisema.

Papa aliinamisha kichwa. "Sikukuwa na ingine, shemeji."

Niliogopa sana. Nilidhani watasema ameharibu kitu cha marehemu, na matanga yatabaki juu yake. Noko aligeuzageuza kile kipande, macho yamejaa machozi.

"Bon. Ni dada mwenyewe amekutoa matanga. Mulete maji, tumunyoe nywele za matanga."

Akanitilia risasi kiganjani. Niliifunga kwenye ncha ya kitenge changu, nikamnyang'anya shangazi wembe aliouleta, nikamnyoa papa kwa mkono wangu.