Flashi Niliyomwachia Baba Mkwe

Yule jamaa wa duka la muvi alisimama mbele ya kibanda changu cha kusuka nywele, meno yote nje.

"Madam, ulionaje zile za zamani nilikuwekea?"

"Za zamani gani?"

"Za yule nyanya wa kwenye kipindi chako cha Kifilipino. Za ujana wake. Huyo mama alikuwa moto!"

Mikono yangu iliganda kwenye kichwa cha mteja. Mjinga yule akaendelea kunifundisha kama niko darasani. Eti huko Ufilipino, kabla ya hivi vipindi vya machozi, sinema za watu wazima zilikuwa zinajaza majumba. Jumapili padri anazikemea, Jumatatu waumini wamepiga foleni. Wasichana waliovua nguo mbele ya kamera wakazeeka, wakapewa kazi ya kuwa mama na nyanya kwenye televisheni, na sasa wanaheshimiwa mpaka Kakamega.

"Hiyo ni historia, madam. Niliongeza bure."

Bure! Flashi hiyo aliyonijazia vipindi ilikuwa kwenye televisheni nyumbani Navakholo, na kila alasiri nikiwa kazini, anayekaa mbele yake ni baba mkwe. Hivyo vipindi anavipenda kuliko mimi.

Kwetu, mimi na mzee hatushikani mkono. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Kuna mambo mke wa mwana hayataji mbele yake hata nyumba ikiwaka moto. Sasa akute wanawake uchi kwenye flashi yangu? Ningempikia obusuma, ugali wetu, kwa uso gani?

Nikampigia mama mkwe. Simu imezimwa. Mume wangu alikuwa kiwandani Butali, na huko simu hawaingii nayo. Ikabaki namba ya mzee. Niliitazama tu. Ningemwambia nini? "Baba, usifungue faili za chini"?

"Na kichwa changu?" mteja akauliza.

"Funga kitambaa!"

Njia nzima nilimgombeza mtu wa boda kana kwamba yeye ndiye aliyeziweka. Nilipofika, televisheni ilikuwa inasikika, sauti ya mwanamke. Kuingia siwezi. Nikarukia betri ya sola pale barazani, nikang'oa waya.

Kimya. Ndani mzee akakohoa.

Mama mkwe akatoka jikoni, mikono ina unga. "Wewe! Mbona unamzimia mzee taarifa ya habari?"

"Habari?"

Alinitazama kidogo, akafungua fundo la leso yake, akatoa kitu kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Flashi.

"Jana aliniambia, 'Mpe mwenyewe. Mimi sijaona kitu.' Kwani kulikuwa na nini?"

"Hakuna, mama."

Nilitaka kupiga kelele kwamba si zangu, nisikike mpaka barabarani. Mzee akakohoa tena, akingoja stima yake. Nikarudisha waya.

Mpaka leo sijui alifika wapi kabla ya kuichomoa, na katika boma lile hakuna mtu ninayeweza kumwuliza.