Karavani la Baba na Nazi za Bibi

Nyinyi mliokulia Sib wakati ule, kabla Mabela ya jirani haijajaa majumba, huenda mnalikumbuka karavani la baba yangu. Lilikuwa jeupe, lina mstari wa buluu ubavuni, na kila siku ya pili ya Idi lilipita karibu na soko likiburutwa na pikapu yetu ya nusu tani, watu wakisimama kulitazama. Baba alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Mtaani kwetu hapakuwa na mwengine mwenye nyumba ya magurudumu, na sisi wanawe tulivimba vichwa mpaka tukawachukiza wenzetu.

Vijana wa leo wakitaka kwenda pwani hubonyeza simu tu, chumba kikapatikana. Wakifika huulizia intaneti kabla ya kumaliza kuamkia. Sisi safari yetu ilianza siku tatu kabla. Mama alifua mapazia na kuanika magodoro juani. Bibi, mamake baba, alipelekwa madukani Ruwi kununua nazi. Alizishika moja moja, akazitikisa sikioni, akamwambia mwenye duka kwamba nazi zake zote zinaumwa, kisha akanunua gunia zima. Bibi alizaliwa Unguja, ng'ambo ya bahari, na hakuwa na habari na wali usio na tui. Wala hakuamini kwamba huko pwani ya Kuriyati tuendako kuna watu wanaouza chochote. Basi tulibeba mbuzi ya kukunia, kinu na mchi wake, gunia la mchele, masufuria ya shughuli na madumu ya maji. Mpaka leo nikipita dukani nikanusa hiliki na mafuta ya taa kwa pamoja, roho yangu hurudi ndani ya karavani lile.

Kupakia ilikuwa kazi ya baba, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa msaidizi wake. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtu mzima. Vitu vizito vyote vikae mbele ya magurudumu, upande wa pikapu. "Gari yetu nyepesi," aliniambia. "Mzigo ukikaa nyuma karavani litayumba, na likishaanza kuyumba litaichukua na gari." Kila safari, akishafunga mnyororo, alisimama akaweka mkono juu ya chuma cha kulivutia karavani na kuniuliza, "Zuwena, mzigo u mbele?"

"U mbele, baba."

Hapo tena ndipo alipopanda. Hakuwahi kwenda kuhakikisha mwenyewe, na jambo hilo lilinifanya nijione mkubwa kuliko umri wangu.

Tatizo ni kwamba aliyelitengeneza karavani lile aliweka choo mbele na jiko nyuma. Kwa hiyo gunia la mchele, nazi na maji vyote vilipangwa mbele ya mlango wa choo. Miaka miwili ya mwanzo Bibi hakujua, kwa sababu hakuwahi kuingia ndani mpaka tufike na vitu viwe vimeshateremshwa. Mwaka wa tatu, nilipokuwa na miaka kumi na moja, aliingia kutafuta msala wake, baba akiwa anaoga.

"Mchele wangu mie umewekwa mlangoni mwa choo?" alisema. "Huko nna watu wa kuwalisha, na sitawalisha kitu kilichokaa na choo. Hamisha, mwanangu, upesi, kabla babako hajatoka."

Nikamwambia baba ndiye aliyesema vikae pale.

"Babako nimemzaa mie."

Mnajua wenyewe malezi yetu. Watoto wa siku hizi wangemjibu, tena na video wangemwonesha. Niliwaita wadogo zangu wawili, tukaburuta gunia, tukabeba madumu, tukapeleka kila kitu jikoni, nyuma kabisa, na kinu tukakiegemeza kwenye mlango wa nyuma. Bibi alitutazama, akaturidhia, akatuombea dua.

Baba alitoka akiwa na kanzu mpya, ananukia udi. Alifunga mnyororo, akaweka mkono pale pale. Bibi alikuwa ameshakaa mbele pamoja na mama, kageuza uso ananitazama kwa dirishani.

"Zuwena, mzigo u mbele?"

"U mbele, baba."

Enzi zile watoto tulipanda nyuma ya pikapu, juu ya godoro, wala hakuna aliyetukataza. Tulikaa tumelielekea karavani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeliona mwanzo. Mpaka tunauacha mji lilikuwa linakuja vizuri. Tulipoanza kuteremka milima ya kuelekea Kuriyati, likatikisika kidogo kushoto, likarudi kulia. Wadogo zangu wakacheka. Likaenda tena, safari hii mbali zaidi, na nikahisi pikapu nayo inavutwa chini yetu. Niligonga kioo. Baba alikuwa ameshajua. Hakukanyaga breki, aliiachia gari ipunguze mwendo yenyewe, mikono yake miwili imeganda kwenye usukani. Kama mteremko ungekuwa mfupi, tungesalimika.

Karavani liliizungusha pikapu, ikasota ikasimama kando kwenye changarawe, imeangalia tulikotoka. Karavani lilikatika mnyororo, likalala ubavu. Mlango wa nyuma ulipasuka na nazi za Bibi zikabingirika barabarani moja baada ya moja, zikiteremka mlima peke yake. Kila kitu kilitapakaa, hakuna ambaye angeweza kujua kipi kilikuwa wapi. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Mama alichubuka mkono, Bibi aliumia bega, na sisi watoto tulipona kwa sababu ambayo mpaka leo siijui.

Ami Seif, kaka yake baba, alikuja kutuchukua na gari yake. Alimsema baba mbele yetu sote. "Nilikwambia, gari ya nusu tani haiburuti nyumba. Ungeua watoto kwa ubishi wako."

Nilisubiri baba ajitetee. Alikuwa ameokota nazi moja anaifuta vumbi kwa kanzu yake mpya.

"Kweli," alisema. "Kosa langu."

Bibi alisema ni husuda, jicho la watu wa sokoni, na nna hakika aliamini hivyo. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyefundishwa. Mwanzo niliogopa kupigwa. Kisha niliogopa kumgombanisha baba na mamake. Kabla ya Idi nyengine Bibi akafariki, na kusema baada ya hapo ikawa kama kumshitaki maiti. Baba aliuza pikapu. Karavani alilitengeneza, akaliegesha ukutani, na tulipohamia Mabela akalipa watu kulileta, hakulivuta mwenyewe. Kila siku ya pili ya Idi jamaa walipokwenda pwani, yeye alikaa nyumbani, akasema jua la huko linamuumiza macho. Mwaka wa ajali ile alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Sasa baba ni mzee, kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Ndugu zangu wamekubaliana karavani lichukuliwe Jumamosi, liuzwe chuma chakavu, wapate nafasi ya kuweka gari zao kubwa zenye kamera kila pembe na kengele ya kumwambia dereva kila kitu. Nami nikaona nikikosa kusema sasa sitasema tena. Ijumaa baada ya Alasiri nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha karavani, kofia mapajani.

"Baba, nna jambo la kukwambia."

Alilitazama karavani, kisha akanitazama mimi, na nikaona macho yake yamesafika.

"Zuwena, mzigo u mbele?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo tangu nina miaka kumi na moja. Nililia kabla sijajibu.

"Hauko mbele, baba. Niliuhamisha nyuma. Bibi hakutaka mchele ukae na choo, nami nikakwambia uongo."

Alicheka kidogo, kama mtu anayemjua mamake.

"Basi urudishe mbele," alisema. "Bado hatujaondoka. Na bibi yako usimwambie."

Nikaenda nikafungua mlango. Ndani hamkuwa na nazi wala mchele, mna ndoo tupu mbili, godoro lililooza na kiti kibovu. Nilivichukua kimoja kimoja kutoka nyuma, nikavipanga mbele ya mlango wa choo, naye huko nje akinisikiliza.